Sikio Limesingiziwa

Kama uko kwenye usukani, hili la kwanza liache mpaka utakapofika. Wewe uliyekaa, weka ncha ya kidole cha shahada mbele ya kila sikio, pembeni ya kile kinundu kidogo cha nyama kinachokinga tundu. Sasa fungua kinywa polepole. Mwanzoni utahisi kitu kigumu kikizunguka papo hapo chini ya ngozi, hakihami. Endelea kufungua. Kinywa kikifika katikati ya safari yake, kile kitu kinaondoka. Kinateleza mbele na kushuka, na kidole chako kinazama kwenye kishimo kilichoachwa wazi. Funga kinywa, kinarudi.

Haya, sasa ingiza ncha ya kidole kidogo ndani ya tundu la sikio, uibonyeze upande wa mbele, ufungue na kufunga tena. Unakihisi kile kile, safari hii kwa mgongoni. Kati ya tundu la sikio na kiungo cha taya pana ukuta mwembamba tu wa mfupa na gegedu. Ujirani huo ndio unaowapeleka watu pasipo pao.

Hapa Njiro, Arusha, malalamiko yenyewe nimeyasikia kwenye daladala ya kwenda mjini, nimeyasikia kwenye foleni ya duka la dawa, na wanaoyasema hawafahamiani. "Sikio linaniuma, lakini nimeangaliwa wamesema ni safi." Anapewa matone, anatia, hakuna kitu. Mwingine analalamikia gego la mwisho. Linang'olewa. Maumivu yanabaki yalipokuwa, basi linanyooshewa kidole gego la pili yake. Wa tatu anasema ni kipanda uso, anameza vidonge kila jioni. Hawa wote watatu inawezekana wanaumwa kitu kimoja, na kitu hicho hakuna aliyekigusa kwa kidole kama ulivyokigusa wewe sasa hivi.

Nchi hii ina historia ya kuyasingizia meno. Kwa miaka mingi watoto wachanga wenye homa au kuhara wamekuwa wakichokonolewa fizi na kutolewa vichipukizi vya meno ya chonge, kwa madai kwamba ni "meno ya plastiki" na ndiyo yanayoleta ugonjwa. Mtoto anabaki na homa yake, na kidonda juu yake. Basi kwa kiungo cha taya mchezo ni huo huo, ila kwa watu wazima.

Ukitaka kukiona kiungo chenyewe huna haja ya kwenda chuo cha udaktari. Nenda kwenye supu ya kichwa. Jumamosi asubuhi pale Kontena, hapa hapa Njiro, utawakuta vijana wameinamia sufuria zilizochemka tangu alfajiri. Kichwa cha mbuzi kinatolewa kinafuka moshi, kinalazwa ubavu kwenye gogo. Kijana anashika taya la chini kwa mkono wa kushoto, anachomeka ncha ya kisu mbele ya sikio, anaizungusha kidogo tu, bila nguvu, na taya linaachia. Nguvu haihitajiki kwa sababu anajua pa kuingilia. Nilimwomba anipe lile taya kabla hajalitupa.

"Hilo halina nyama, mzee wangu. Nikukatie ulimi?"

"Ulimi nikatie, na taya nipe."

Taya la chini kwa nyuma linapanda juu, na lile tawi linalopanda lina ncha mbili. Ya mbele ni nyembamba, na ndiyo iliyoshikwa na msuli mkubwa wa panja. Ya nyuma ina kichwa kipana, cheupe, kinachong'aa. Hicho ndicho kinachoingia kwenye fuvu. Na hapo kwenye fuvu, kikiwa kimegandia, palikuwa na kisahani: kijitu cheupe, kigumu, kinachopinda kidogo ukikiminya, chembamba katikati na kinene kingoni. Nilikibandua kwa kucha. Kijana akacheka, akasema hicho hata mbwa hawakitaki.

Kisahani hicho ndicho ufunguo wa mambo yote. Mifupa miwili ya kiungo hiki haigusani. Kisahani kimekaa katikati na kukigawa kiungo kuwa vyumba viwili, cha chini na cha juu, kila kimoja na ute wake wa kulainishia. Katika chumba cha chini, kichwa cha taya kinazunguka chini ya kisahani. Ile ndiyo hatua ya kwanza uliyoihisi kwa kidole. Katika chumba cha juu, kichwa na kisahani chake vinasafiri pamoja, vinateremka kwenye kilima kidogo cha mfupa kilicho mbele ya kishimo. Kiwiko hakihami nyumba yake. Nyonga haihami. Kiungo cha taya kinahama kila unapopiga mwayo, na kinarudi, na hatukumbuki hata kukishukuru.

Kwa binadamu kichwa hicho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Upana wake, kutoka ndani kwenda nje, ni milimita 15 hadi 20. Unene wake kutoka mbele kwenda nyuma ni milimita 8 hadi 10. Kisahani katikati kina unene wa kama milimita moja, na sehemu hiyo ya katikati haina mshipa wa damu wala wa fahamu. Maumbile yamefanya hivyo kwa makusudi mazuri: pale panapokandamizwa kila siku, hapana cha kuuma. Lakini nyuma ya kisahani pana nyama laini iliyojaa mishipa ya damu na ya fahamu. Kisahani kikikaa mahali pake, nyama hiyo haiguswi. Kisahani kikichepuka kwenda mbele, kichwa cha taya kinaikalia. Hapo ndipo mtu anaposhika sikio.

Turudi kidogo kwa mbuzi. Uso wa kiungo chake ni bapa na mpana, hauna kishimo cha kina, na ndiyo maana taya lake huenda kushoto na kulia anapocheua. Mbwa aliyekuwa akisubiri chini ya meza ana kiungo cha namna nyingine kabisa: kichwa cha taya lake kimelala kwa mapana ndani ya mfereji wenye ukingo wa mfupa kwa nyuma, kinafungua na kufunga, basi. Hasagi, anakata. Mtu aliyezoea mafuvu ya wanyama, na Njiro watu hao wapo kwa kuwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori iko hapa hapa kwetu, akipewa kipande hicho kimoja tu cha fuvu anaweza kukuambia mwenyewe alikuwa akila nyama au majani. Binadamu yuko katikati. Anafungua na kufunga kama mbwa, anasaga kwa pembeni kama mbuzi japo si sana, tena juu ya hayo anazungumza, kazi ambayo wote wawili hawakupewa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliwazii. Taya la chini ni mfupa mmoja wenye viungo viwili. Hakuna namna ya kiungo cha kulia kusogea cha kushoto kikabaki kimelala. Ni ng'ombe wawili chini ya nira moja: mmoja akichechemea, mwenzake anavuta zaidi, na jembe linakwenda upande. Simama mbele ya kioo ufungue kinywa pole pole. Kidevu kikishuka moja kwa moja, sawa. Kikikimbilia upande mmoja na kubaki huko, mara nyingi upande huo ndio uliokwama. Na usishangae upande unaouma ukawa siyo ulioanza kuharibika.

Misuli ya kutafunia nayo unaweza kuijua bila kitabu. Uma meno, shika mashavu karibu na pembe ya taya: msuli unaovimba hapo ni wa kwanza. Panda juu kwenye panja, uma tena: huo unaocheza chini ya vidole ni wa pili, umetandazwa ubavuni mwa kichwa na kushuka kupitia nyuma ya mfupa wa shavu. Wa tatu na wa nne imejificha ndani. Mmojawapo ndio unaovuta kichwa cha taya kwenda mbele, na sehemu ya nyuzi zake hushika kisahani chenyewe. Mtu anayelala akisaga meno anaitumikisha misuli hii usiku kucha, na asubuhi anaamka na maumivu ya panja. Anasema ni kichwa. Kwa maana fulani hajakosea, ni kichwa kweli, ila si ndani.

Huo msuli wa panja ndio ulionipeleka kwenye makumbusho. Sisi wa Arusha tunakaa kwenye mkoa ambao umeupa ulimwengu mataya kuliko tunavyojua. Tarehe 17 Julai 1959, kule Olduvai, Mary Leakey aliliona fuvu ambalo dunia nzima ililijua kwa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na laki saba. Utosini lina ukingo wa mfupa uliosimama kama unavyouona kwa sokwe dume wa aina ya gorila. Ukingo ule ulikuwa wa kushikia msuli wa panja. Msuli ulikuwa mkubwa mno, pembeni mwa kichwa pakajaa, pande mbili zikakutana juu. Mifupa ya mashavu nayo imetanuka ili msuli huo upate pa kupita. Lakini Zinji alipatikana bila taya la chini. Watu walikuwa na kishimo, hawana kichwa cha kuingia humo.

Januari 1964 msafara wa Richard Leakey na Glynn Isaac ulikuwa Peninj, magharibi mwa Ziwa Natron. Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho ambalo wataalamu wa vyuo vikuu walilitegemea maisha yao yote, akaliona taya la chini likiwa na meno yake yote. Ni kiumbe wa aina ile ile ya Zinji, ingawa si yeye mwenyewe, na ana umri wa karibu miaka milioni moja na nusu. Tangu hapo, wanaotengeneza sura ya Zinji kwa ajili ya makumbusho hutumia taya la Peninj kama mwongozo wa kumkamilisha. Kamoya alifariki mwaka 2022. Nadhani Arusha ingefaa kuwa na mtaa wenye jina lake, lakini hayo ni yangu.

Miaka kumi baada ya Peninj, mwaka 1974, Maundu Muluila aliokota taya jingine kule Laetoli, wilaya ya Ngorongoro. Lina zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Mwaka 1978, Lucy wa Ethiopia, ile mifupa mashuhuri ya kale, alipopewa jina la jamii yake, kielelezo rasmi cha jina hilo hakikuwa mifupa ya Lucy. Kilikuwa taya la Laetoli. Nalo, msikilizaji, limebaki mwili na meno tu. Yale matawi yanayopanda kwenda kwenye kiungo yamevunjika. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mataya mengi ya kale: meno hudumu, kiungo hupotea kwanza. Hata kwenye mawe kiungo hiki hakina bahati ya kukumbukwa.

Zinji alipachikwa jina la mvunja karanga, kwa sababu ya magego yake makubwa na misuli ile. Lilikaa vizuri kwenye magazeti. Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao wa kwetu Tanzania, na Marion Bamford walichapisha matokeo ya kuchunguza kemia ya meno ya Zinji na ya taya la Peninj. Waliona kwamba sehemu kubwa sana ya mlo wao ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na mafunjo. Hakuwa mvunja karanga basi. Alikuwa mtafunaji wa saa nyingi, na kiungo chake kilijengwa kwa kusaga, kusaga, na kusaga.

Sisi tumepunguziwa kazi hiyo na moto, na sufuria, na kinu. Misuli imepungua, ukingo wa utosini umekwisha. Ila kishimo kimebaki na siri moja: paa lake ni jembamba mno. Ukichukua fuvu kavu ukalielekeza kwenye mwanga, nuru inaweza kupenya hapo. Na juu ya paa hilo ni ubongo. Ndiyo maana uzito wa kutafuna hautupwi kwenye paa. Unabebwa na mteremko wa kile kilima cha mbele, ambako mfupa ni mnene. Hili liweke akilini, nitalirudia nikifika kwenye bodaboda.

Sasa sikio. Nimesema ni majirani, lakini ukweli ni kwamba wana undugu wa damu. Mtazame mjusi anayewinda mbu karibu na taa ya barazani kwako. Kiungo chake cha taya hakiko kwenye mifupa ile ile ya kwako. Yeye taya lake la chini limeungwa kwa vipande kadhaa, na cha nyuma kabisa ndicho kinachoshikana na kipande kimoja cha fuvu. Sisi tulivipeleka wapi vipande hivyo viwili? Mwaka 1837 Mjerumani Carl Reichert, kwa kuchunguza vijusi vya wanyama, alionyesha kwamba vimeingia ndani ya sikio. Ndiyo nyundo na fuawe, vile vifupa viwili vinavyopokea mtikisiko kutoka kwenye ngoma ya sikio na kuupitisha kwa kikuku. Kiungo cha taya cha mababu wa zamani sana kinafanya kazi hadi leo, ila siku hizi kinasikiliza.

Ushahidi wa safari hiyo umechimbwa pia kwenye ardhi yetu. Mwaka 1933 Parrington wa Cambridge alikusanya visukuku katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanganyika, na mwaka 1955 Alfred Crompton akaandika juu ya sainodonti waliotoka huko, jamii ya wanyama ambao mfupa wa mbele wa taya unakua na vile vya nyuma vinazidi kudogoka. Mwaka 1958 Crompton akaeleza mnyama mwingine, wa Afrika Kusini, aliyekuwa na viungo viwili kila upande, cha zamani na kipya, vikifanya kazi bega kwa bega. Alikuwa njiani.

Basi mtu wa leo maumivu yakimwanza mbele ya sikio, yanasafiri kwa njia gani? Kiungo cha taya kinapata hisia zake kupitia tawi la mshipa wa tano wa fahamu wa kichwani. Tawi hilo hilo linapita kwenye tundu la sikio na kupanda panjani. Na meno yote, ya juu na ya chini, yako kwenye mshipa huo huo wa tano. Ubongo ukipokea kilio kutoka kwenye njia hiyo haujui vizuri kimetoka mlango upi. Unakisia. Mara nyingi unakisia sikio au gego.

Namna ya kutofautisha ipo, na si ngumu. Sikio lenye maambukizi hutoa usaha, au huleta homa, au huziba. Jino bovu huuma kwa maji baridi au ukiligonga. Kiungo cha taya huuma unapotafuna, unapopiga mwayo, unapokibonyeza kwa kidole, na asubuhi kinywa ni kigumu kufunguka. Pima kwa vidole: vidole vyako vitatu vikisimama wima kati ya meno ya mbele, kinywa kinafunguka vya kutosha, kama milimita 40 au zaidi. Vikiingia viwili tu, kuna jambo.

Kuhusu sauti. Watu wanatishika taya likilia "tak!" wakifungua kinywa. Kinachotokea ni kwamba kisahani kilikuwa kimetangulia mbele, kichwa cha taya kikakifuata na kukirukia. Ukifunga, kinachomoka tena, na pengine kinalia mara ya pili. Kama hakuna maumivu na kinywa kinafunguka, hiyo si ugonjwa wa kuhangaikia. Wako wanaoishi nayo hadi uzee. Mimi simwamini mtu anayetaka kupasua au kusaga meno ya mtu kwa sababu ya sauti tu. Ya kuogopa ni siku sauti inapokatika ghafla na kinywa kikagoma kufunguka. Hapo kisahani kimekwama mbele, hakirukiwi tena.

Wengi hupona kwa mambo ya kawaida. Taulo ya moto shavuni. Kutafuna pande zote mbili. Kuacha bigijii, kuacha muwa kwa muda, na mahindi ya kuchoma, na ile nyama choma ya Jumapili ambayo tunajisifu nayo Arusha hata ikiwa ngumu kama nini. Mirungi imekatazwa na sheria, lakini wako wanaoijaza shavu moja na kuitafuna kwa saa nyingi, nao taya huwadai. Mkoa huu una vyakula vya mgonjwa wa taya tayari: mtori upo, loshoro ipo. Ukipiga mwayo, shika kidevu kwa chini kisishuke sana. Na mchana jikague: midomo ikutane, meno yasigusane. Meno hayapaswi kuwa yameumana unapoandika ujumbe kwenye simu, na wengi wetu ukitukagua muda huu yameumana.

Yasipotulia kwa wiki chache, mwone daktari wa meno, na umwambie "kiungo cha taya" kwa maneno hayo. Anaweza kukuandikia eksirei ya taya zima. Mashine hizo hukaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomi, yenye ofisi na maabara hapa Njiro, kwa hiyo usiogope mionzi kuliko inavyostahili. Ila elewa kwamba eksirei inaonyesha mfupa. Kisahani hakionekani humo. Hicho huonekana kwa MRI, na si kila mtu anayehitaji.

Meno yetu ya kahawia hayahusiki. Nalisema kwa sababu mgeni akitucheka tu tunadhani kila kibaya cha kinywani kimetoka huko. Maji mengi ya Mlima Meru yana floridi kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na Ngurdoto kuna kituo kizima cha utafiti wa kuiondoa. Floridi hupaka rangi jino linapoundwa utotoni. Kisahani haikigusi.

Kuna pia taya linalofungwa na kiungo kikiwa kizima kabisa. Pepopunda. Sumu ya mdudu wake hukaza misuli, na msuli wa shavu huwa miongoni mwa ya kwanza. Wamaasai na Waarusha wa zamani walikuwa waking'oa meno mawili ya mbele ya chini, na sababu moja inayotajwa sana na wazee ni kwamba mgonjwa akifungwa taya, maziwa na dawa vipitishwe kwenye pengo. Sipendi mtoto ang'olewe meno mazima, na siku hizi chanjo ipo kliniki. Lakini walioanzisha desturi ile walikuwa wameona watu wakifa kwa njaa na kiu na chakula kiko mbele yao.

Kinyume chake ni taya lililotoka. Mtu anapiga mwayo mkubwa, kichwa cha taya kinapita kilele cha kile kilima, misuli inakaza, hakirudi. Kinywa kimebaki wazi, mate yanatiririka, maneno hayatamkiki. Nyumbani wanasema kapooza, wengine wanasema mengine. Tiba yake ni ya kale mno. Karatasi ya mafunjo ya Misri iliyoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita inaeleza hivyo hivyo: gumba ndani ya kinywa, vidole chini ya kidevu, rudisha nyuma. Mhudumu wa leo hufunga gumba zake kwa kitambaa, hubonyeza nyuma ya magego ya chini kuelekea chini kwanza, ndipo husukuma. Usijaribu kwa ndugu yako sebuleni, taya likirudi linauma kwa nguvu. Mfungie leso chini ya kidevu, mpeleke hospitali.

Na nimalizie na kile nilichokuahidi, bodaboda. Pigo la kidevuni husafiri kwa kupanda kupitia mfupa wa taya hadi kwenye viungo vyote viwili, kwenda kwenye lile paa jembamba. Kinachouokoa ubongo ni kwamba chini ya kichwa cha taya pana shingo nyembamba, nayo ndiyo huvunjika kwanza. Helmeti nyingi tunazoziona barabara ya Njiro hufunika utosi na kuacha kidevu wazi. Abiria, aghalabu, hana hata hiyo. Anashonwa jeraha la kidevu, anaambiwa aende nyumbani, na hakuna aliyeweka kidole mbele ya sikio.

Kwa mtoto mambo ni mazito zaidi. Kwenye kichwa cha taya ndipo taya linapokulia. Mtoto aliyedondoka kwa kidevu, ngazini au kwenye baiskeli, anaweza kupata ufa hapo bila mtu kujua. Damu ikivilia ndani ya kiungo, na mtoto akakaa bila kukitumia kwa sababu kinamuuma, mfupa unaweza kuota kati ya taya na fuvu vikashikana. Miaka inapita, kinywa kinafunguka kidogo kidogo hadi hakifunguki, na kidevu kinabaki cha mtoto kwenye uso wa mtu mzima. Usaha wa sikio ulioachwa bila tiba nao unaweza kuvuka ule ukuta na kufanya jambo hilo hilo. Upasuaji upo, lakini ni mkubwa.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akianguka kwa kidevu, osha jeraha, mpeleke akaangaliwe, na uombe kiungo cha taya kiguswe. Kisha mpime nyumbani kwa vidole vyake mwenyewe, vitatu, wima. Leo vikishindwa kwa sababu ya maumivu, sawa. Mpime tena wiki ijayo, na mwezi ujao, na mwezi unaofuata. Vikiwa bado haviingii, mrudishe, hata kama kidonda kilishapona zamani.